UZI: Mashine ya michezo ya nyumba nzima isiwasahau wachezaji waliobobea

Kijana_wa_Kamalondo (mwanzisha uzi)

Ndugu wa jukwaa, salamu kutoka Lubumbashi.

Likizo kubwa inakaribia, na wazazi wengi wameanza kuulizia mashine ya michezo itakayokaa sebuleni na kuchezwa na kila mtu wa parsele (nyumba nzima), tangu kadogo anayejifunza kusoma mpaka nkambo (babu au bibi). Jibu wanalopata hutegemea wamemuuliza nani. Wapo wanaowaambia wachukue Nintendo kwa kuwa ni ya watoto, na wapo wanaowaambia wachukue PlayStation ya Sony kwa kuwa huko ndiko kwenye michezo ya kweli. Mimi sikubaliani na mgawanyo huo. Ninachokisimamia ni kwamba mashine iliyobuniwa kwa ajili ya familia inapaswa kumhudumia pia mchezaji aliyebobea, yule anayecheza kila siku, anayejua kila kona ya mchezo na anayetafuta ushindani wa kweli. Ikimwacha, itauza sana mwanzoni kisha itakauka. Na kumhudumia si kuongeza nguvu za mashine mpaka bei imshinde mzazi, wala si kuijaza damu. Ni kumpa michezo ambayo yeyote anaweza kuianza, na ambayo hakuna anayeimaliza kwa urahisi.

Tuanze na Wii ya Nintendo, kwa sababu ndiyo iliyouwasha mjadala huu. Nintendo ilikuwa imetoka kwenye GameCube, mashine yake iliyotangulia, iliyouza takriban milioni 21.7 wakati PlayStation 2 ilikuwa njiani kupita milioni 150. Satoru Iwata, aliyeiongoza kampuni hiyo tangu 2002, aliamua kuacha kushindana kwa nguvu za mashine. Wii ilipotoka Novemba 2006 iliuzwa Marekani kwa dola 250, wakati PlayStation 3 iliuzwa dola 500 au 600 kutegemea ukubwa wa hifadhi yake. Picha ya Wii haikufika kiwango cha HD, lakini maneti yake, yaani kile kifaa chenye vitufe vya kuchezea, ilishikwa kwa mkono mmoja, mtu akaupunga mkono kama anayepiga tenisi, na mpira ukaenda. Watu ambao hawakuwahi kugusa maneti maishani mwao walielewa papo hapo. Mashine hiyo iliuza zaidi ya milioni 101. Anayesema familia si soko, hesabu hiyo inamkana.

Lakini tazameni kilichofuata. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009, Nintendo iliuza Wii karibu milioni 26. Mwaka uliofuata ziliuzwa milioni 20.5, kisha milioni 15, na katika mwaka ulioishia Machi 2012 hazikufika hata milioni 10. Kampuni ikatangaza hasara ya mwaka mzima. Ni kweli kwamba yeni ya Japani iliyopanda thamani na punguzo kubwa la bei ya 3DS, mashine yake ya mkononi, vilichangia hasara hiyo, wala sitaki kuibebesha Wii peke yake. Hata hivyo, Wii U, mrithi wa Wii, ilipokuja Novemba 2012, iliuza milioni 13.56 tu katika maisha yake yote. Wale milioni mia moja walikwenda wapi? Wengi wao hawakwenda popote. Walikuwa na Wii nyumbani, bado ilirusha mpira wa bowling vizuri, na wengine walidhani kile kibao chenye kioo cha Wii U ni kifaa cha kuongezea kwenye mashine waliyo nayo. Familia haina sababu ya kununua mashine mpya kwa ajili ya jambo ambalo ya zamani inalifanya. Mwenye sababu hiyo ni mchezaji aliyebobea, na yeye alikuwa ameshahamia PlayStation 3 na Xbox 360 ya Microsoft.

Hapa kwetu jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko huko zinakotengenezwa. Katika avenyu moja ya Kenya au Katuba, komuni za hapa Lubumbashi, ni kijana mmoja au wawili wenye uzoefu ndio wanaoamua mtaa mzima utacheza nini. Ndiye anayejua mchezo gani unatoka lini, ndiye anayeulizwa na wazazi wa jirani kabla hawajatuma pesa kwa ndugu aliyeko Ubelgiji au Dubai, na ndiye anayewafundisha wadogo wake. Ukimpoteza yeye, umeipoteza avenyu.

Sasa nije kwenye mfano unaoniuma. Mchezo wa mapigano wa Super Smash Bros. Brawl ulitoka kwenye Wii mwaka 2008 na uliuza zaidi ya milioni 13. Uliotangulia, Melee wa GameCube wa mwaka 2001, ulikuwa na kasi kali na mbinu ambazo vijana walizichimba kwa miaka mingi. Brawl ulipunguza kasi hiyo, kisha ukaongeza jambo ambalo hakuna aliyeliomba: mpiganaji anapoanza kukimbia, mara moja moja hujikwaa na kuanguka chini. Hukukosea kitufe na adui hajakugusa, ila bahati nasibu ya mashine imeamua uanguke. Mtoto wa miaka 6 hafaidiki chochote na kujikwaa huko, na huenda asigundue kwamba kupo. Anayeumia ni yule aliyefanya mazoezi. Wengi waliobobea walirudi kwenye Melee, na mpaka leo mashindano yake yanaendelea, mara nyingi kwenye televisheni za zamani zenye mgongo kwa sababu hazichelewi kuonyesha ulichobonyeza. Wengine waliubadilisha Brawl wenyewe na kuuita Project M. Matoleo ya Smash ya 2014 yaliondoa kujikwaa, na sijasikia mzazi yeyote aliyelalamika.

Kinyume chake ni Mario Kart 8 Deluxe wa mwaka 2017, mchezo wa mbio za magari wa Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata Wii U. Ndani yake kuna msaada wa usukani: ukiuwasha, gari halitoki barabarani, na msaada wa pili huliendesha mbele bila wewe kushikilia kitufe. Gari lenye msaada wa usukani huwa na kijiti cha antena nyuma, kwa hiyo kila mtu sebuleni anajua nani anasaidiwa. Lakini anayesaidiwa hapati zile cheche za zambarau, ambazo ndizo zinazotoa msukumo mkubwa kuliko zote baada ya kuserereka kwenye kona, na baadhi ya njia za mkato hawezi kuziingia. Nyumbani kwetu nkambo hucheza na antena, mdogo wangu wa miaka 17 hucheza bila antena, kwenye mbio zilezile na kioo kilekile. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Nkambo akimaliza wa tano anafurahi kwelikweli, na mdogo wangu akikosa cheche moja anajilaumu jioni nzima. Mchezo huo umepita milioni 60. Hiyo ndiyo huduma ninayoidai, na inawezekana, maana imeshafanyika.

Karibuni mnipinge.

Mama_wa_Ruashi

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho, na nakushukuru kwa kuandika bila kumtukana mtu. Niruhusu nikupinge kama mzazi.

Unamzungumzia mchezaji aliyebobea kana kwamba ndiye mnyonge anayesahauliwa. Katika nyumba zetu si yeye anayesahauliwa. Ni yeye anayeshika maneti tangu umeme unaporudi mpaka unapokatika tena. Tulipokuwa na mashine yenye michezo ya wakubwa, wenzake walijaa sebuleni, wadogo wakageuka watazamaji, na mimi mwenyewe nikapoteza televisheni. Tulipoleta Wii ya mkono wa pili, vijana waliidharau, na kwa mara ya kwanza binti zangu wawili wadogo walicheza mpaka wakatosheka. Dharau ya kijana ndiyo iliyomlinda mtoto. Kwa hiyo unapoomba mashine ya familia impendeze na kijana, mimi nasikia unaomba ile amani iondolewe.

Jambo la pili ni maudhui. Historia inatuonyesha njia hiyo inaanza wapi. Mchezo wa Mortal Kombat ulipofika majumbani mwaka 1993, Nintendo ilibadilisha damu ikawa jasho la kijivu kwenye Super Nintendo, mashine yake ya wakati huo, wakati mshindani wake Sega iliacha damu ionekane kwa anayejua namba za siri. Mchezo ukauzika zaidi kwa Sega. Mwaka uliofuata, Mortal Kombat II uliingia Super Nintendo na damu yake yote. Kampuni ikishaanza kumsikiliza mchezaji sugu kwa hofu ya kukosa mauzo, mzazi ndiye anayebaki na kazi ya kusimama mlangoni.

Fundi_Katuba

Jambo yenu wote, na wewe Mama jambo sana. Mimi natengeneza mashine hizi na nina chumba kidogo ambamo vijana wanalipa kwa mechi. Nitasema ninachokiona mezani kwangu.

Kwanza, Mama, mwaka huohuo wa 1994 unaoutaja ndio Marekani ilipoanzisha chombo cha kupanga umri kwenye michezo, ESRB, baada ya mabishano yaliyofika mpaka Seneti. Ulaya nayo ikapata PEGI mwaka 2003. Ile namba iliyoandikwa kwenye kasha, 3, 7, 12, 16 au 18, inatokana na mabishano hayohayo. Naomba wazazi waitazame, maana wengi wanaoniletea mashine hawajawahi kuigeuza kasha ili wasome.

Pili, katika mji huu mchezaji aliyebobea kwa kawaida ni mchezaji wa kandanda. Si damu anayoitaka, anataka mechi. Na hapo ndipo mashine za familia zilipotuangusha. Wii iliendelea kupata mchezo wa kandanda wa FIFA mpaka 2014, lakini matoleo ya mwisho yalikuwa yaleyale yenye majina ya wachezaji yaliyobadilishwa. Mwaka 2011, kwenye maonyesho ya michezo ya E3, mkuu wa Electronic Arts, watengenezaji wa FIFA, alisimama jukwaani kuahidi ushirikiano mkubwa na Wii U. Ikapata FIFA 13, kisha basi, FIFA 14 haikufika. Switch ilipata FIFA 18 bila ile hadithi ya mchezaji chipukizi iliyokuwemo kwenye PlayStation 4, na haikutumia injini ileile ya picha mpaka EA Sports FC 24, jina jipya la FIFA, mwaka 2023. Kijana wa Katuba anaona tofauti hiyo ndani ya dakika moja: mchezaji anavyogeuka na mpira, kipa anavyoruka. Huwezi kumwambia mashine hii ni yako pia wakati kandanda yake ni ya jana.

Tatu ni umeme, na katika hili naisifu Nintendo bila kusita. Wii inapochezwa haifiki wati 20. PlayStation 3 ya kwanza ilikaribia wati 200. Mwenye betri ya gari na kigeuzi kidogo cha umeme anajua maana ya tofauti hiyo saa mbili usiku. Switch ya kwanza ilicheza kwa chaji yake yenyewe kati ya saa mbili na nusu na saa sita na nusu kutegemea mchezo, na ile iliyoboreshwa mwaka 2019 ikafika kati ya saa nne na nusu na saa tisa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumhudumia aliyebobea ni kuongeza nguvu, ninamwuliza nguvu hizo zitatoka kwenye soketi ipi.

Yaya_Kampemba

Fundi, ongeza na hili kwa wanaoagiza: Wii ya Marekani haisomi diski za Ulaya, na adapta yake ni ya volti 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220 yetu inaungua. Switch haina kizuizi cha eneo. Mashine inayokubali kadi za mchezo kutoka nchi yoyote inatufaa sisi ambao ndugu zetu wametawanyika.

Mwanafunzi_Kasapa

Yaya (kaka) wa Kamalondo, hoja yako imepangwa vizuri lakini naona umechagua namba zinazokupendeza.

Umesema familia hununua mashine kisha haina sababu ya kununua tena. Mbona Wii iliuza michezo zaidi ya milioni 900 kwa jumla? Gawanya kwa mashine milioni 101 na utapata karibu michezo tisa kwa kila mashine. Huo si ununuzi wa watu waliorusha mpira wa bowling mara moja wakaiacha mashine ishike vumbi. Kwa upande mwingine, kampuni zilizojaribu kuwaletea waliobobea michezo yao kwenye Wii ziliumia. Sega ilitoa MadWorld mwaka 2009, mchezo wa mapigano makali uliochorwa kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya damu, uliosifiwa sana na wahakiki, na haukuuza. Waliobobea waliopiga kelele kwamba Wii haina michezo yao hawakuununua. Kwa nini kampuni imfuate mtu asiyenunua anachokiomba?

Kisha kuna mfano wa Microsoft, ambao haujautaja. Wao walikuwa na waliobobea mkononi, wakaitamani familia. Kinect ya Novemba 2010, kamera ya Xbox inayosoma mwendo wa mwili, iliuza zaidi ya milioni 8 ndani ya siku 60 za mwanzo. Wakalewa mafanikio hayo, wakaifanya Kinect kuwa sehemu ya lazima ya Xbox One mwaka 2013, na bei ikafika dola 499 wakati PlayStation 4 ilikuwa 399. Katikati ya 2014 wakaiondoa kwenye kasha. Kwangu funzo ni lilelile wazee wanalolisema, mshika mawili moja humponyoka. Acha Nintendo ihudumie sebule, acha Sony imhudumie aliyebobea, na kila mtu anunue kulingana na mfuko wake.

Kijana_wa_Kamalondo (mwanzisha uzi)

Nawajibu kwa pamoja, nikianza na mdogo wangu wa Kasapa kwa sababu amekuja na hesabu.

Hiyo milioni 900 na zaidi ni kweli. Lakini ndani yake mmo Wii Sports, takriban milioni 83, ambao katika nchi nyingi uliwekwa kwenye kasha pamoja na mashine, kwa hiyo mnunuzi hakuuchagua. Toa huo, kisha utazame iliyobaki juu: Mario Kart Wii wenye zaidi ya milioni 37, na New Super Mario Bros. Wii wenye milioni 30. Hiyo si michezo miepesi. Huo wa Mario wa 2009 una sarafu tatu za nyota zilizofichwa katika kila hatua, na kuna dunia ya tisa ambayo hatua zake hazifunguki mpaka umezikusanya zote za dunia husika. Nimewaona watu wazima wakihangaika nayo. Na katika mchezo huohuo, ukifa mara nane kwenye hatua moja, hutokea kisanduku cha kijani, na ukikigonga Luigi, ndugu yake Mario, anakuonyesha njia kwa kuicheza hatua hiyo mwenyewe. Mtoto haachwi na mkubwa hapunjwi. Kwa hiyo namba zako zinaniunga mkono: familia ilinunua zaidi pale ambapo aliyebobea naye alipata chakula chake.

Kuhusu MadWorld, naamini tatizo lilikuwa ni kumdhania aliyebobea kuwa mtu anayetafuta damu. Resident Evil 4 ulikuwa umeshatoka kwenye GameCube mwaka 2005, na bado toleo la Wii la 2007 lilipita milioni moja, kwa sababu kulenga kwa kuielekeza maneti kwenye kioo kuliufanya mchezo uleule uwe sahihi zaidi mkononi. Mbobezi alitambua kwamba ameheshimiwa, akalipa. Tazama pia Xenoblade Chronicles. Ulitoka Japani Juni 2010 na Ulaya Agosti 2011, lakini wachezaji wa Marekani iliwabidi waanzishe kampeni ya barua na maombi, iliyojulikana kama Operation Rainfall, ndipo wakaupata Aprili 2012. Watu wanaiomba kampuni iwauzie mchezo ambao tayari umeshatafsiriwa kwa Kiingereza, na kampuni inasitasita! Leo mfululizo huo ni mmoja wa mihimili ya Nintendo. Yule mteja alikuwepo siku zote.

Kinect naikubali yote, ila inathibitisha upande wangu. Microsoft ilimlazimisha aliyebobea kulipia kifaa asichokitaka ili familia ifurahi, na Brawl ilimlazimisha aanguke chini kwa sababu hiyohiyo. Hayo ni makosa mamoja. Kumhudumia mmoja kwa kumtoza mwenzake ndiko ninakokupinga, na kunaweza kufanyika kwa pande zote mbili.

Na methali yako, mdogo wangu, Switch imeijibu. Siku ilipotoka, tarehe 3 Machi 2017, kwa dola 300, mchezo uliowavuta watu ulikuwa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, safari ndefu na ngumu isiyomwonea haya mchezaji dhaifu. Mario Kart ulifuata karibu miezi miwili baadaye. Desemba 2018 ukaja Super Smash Bros. Ultimate, ambao unakubali mpaka maneti za GameCube kwa wale waliozizoea tangu ujana wao. Mwaka 2019 ukaja Ring Fit Adventure kwa wanaotaka mazoezi ya mwili, na Machi 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, ukaja Animal Crossing, mchezo tulivu wa kuishi na kujenga kisiwani. Waliobobea walitangulia, wakaisifu mashine, na familia zikafuata. Nguvu zake hazikuifikia PlayStation 4 hata siku moja, lakini imepita milioni 150 na kuiacha Wii mbali. Mshika mawili ameshika yote mawili, kwa kuwa alichokishika ni kitu kimoja.

Fundi, kuhusu kandanda sina la kukupinga. Hapo lawama ni ya kampuni mbili kwa pamoja, na mpaka mechi ya kwenye mashine ya familia ifanane na mechi ya kwenye PlayStation, vijana wa Katuba na Kenya watakuwa na haki ya kuikataa.

Mama, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na sitaki kuipita haraka. Unasema dharau ya kijana ndiyo iliyomlinda mtoto. Naelewa, na nimeiona hali hiyo kwa majirani. Lakini amani hiyo ilipatikana kwa nyumba kugawanyika: kijana alikwenda kucheza kwingine, kwenye vibanda ambako hujui nani amekaa pembeni yake wala ni saa ngapi atarudi. Mashine inayompendeza na yeye inambakiza sebuleni, mbele ya macho yako. Ugomvi wa maneti nao una dawa ndani ya michezo yenyewe. Katika Super Mario Galaxy wa 2007, mchezaji wa pili huelekeza maneti yake kwenye kioo, huokota vipande vya nyota na kuwazuia maadui wasisogee, wakati mwenye uzoefu anaruka. Mtoto wa miaka 5 ana kazi ya kweli, na kaka yake anamhitaji. Michezo ya namna hiyo ndiyo tuidai.

Mama_wa_Ruashi

Hilo la vibanda umenigusa, mwanangu, kwa sababu mtoto wangu wa kwanza ndiko aliko wakati huu ninapoandika. Basi niulize jambo la utendaji. Nikinunua Switch, naweza kumwekea mdogo kikomo cha michezo ya miaka 7, huku kaka yake akicheza ya miaka 16 bila kunisumbua?

Fundi_Katuba

Mama, hapo nitakueleza kama ilivyo. Switch ina ulinzi wa wazazi tangu 2017, na kuna programu ya simu inayokuonyesha kila mchezo umechezwa kwa muda gani na kukuruhusu kuweka kikomo cha saa kwa siku. Lakini kikomo cha umri kinaishika mashine nzima, si mtu mmoja mmoja. Ukiweka miaka 7, na kaka yake amefungiwa, mpaka uje wewe uingize namba ya siri. PlayStation 4 inamruhusu mzazi kuweka kanuni tofauti kwa kila mtoto kulingana na akaunti yake.

Kijana_wa_Kamalondo (mwanzisha uzi)

Fundi ameweka kidole penyewe. Kampuni inayojitangaza kuwa ya familia ilipaswa kuwa ya kwanza kutambua kwamba katika familia moja kuna mtu wa miaka 6 na mtu wa miaka 19, na kwamba wote wawili wanaishi chini ya paa moja na wanatumia mashine moja. Kanuni ya mtu mmoja mmoja haihitaji mashine yenye nguvu zaidi wala haiongezi hata senti kwenye bei, na ingemwondolea Mama ile kazi ya kusimama mlangoni. Kwa sasa, Mama, wengi hapa mjini hufanya hivi: kikomo kinabaki cha mdogo wakati wa mchana, na watoto wakishalala mzazi anaingiza namba ya siri mwenyewe na kumkabidhi kijana mashine. Hakikisha namba hiyo si mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani, maana ndiyo ya kwanza watakayoijaribu.